NANI ANAKULA INTANETI YA NYUMBANI?

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika nyumba nyingi za siku hizi zilizo mbali na miji, asali hiyo ni kifurushi cha intaneti kinacholipiwa kila mwezi. Baba hulipa, mama hulipa, kisha katikati ya mwezi kifurushi huwa kimekwisha, na kila mtu nyumbani huapa kwamba hakukigusa. Hapo ndipo lawama huanza. Mkubwa humtazama mdogo, mwenyeji humtazama mgeni, na jirani mwema hugeuka kuwa mwizi kabla hata ya kuulizwa.

Jambo lililotokea mwaka 2024 katika nyumba ya sajini mmoja wa jeshi, nje ya mji wa Kotido katika eneo la Karamoja, linafaa kusimuliwa kwa manufaa ya familia nyingine. Sajini mwenyewe wakati huo alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika, ambako Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza mwezi wa Machi mwaka 2007. Nyumbani alimwacha mke wake, binti yake mkubwa ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto wawili wadogo, na kijana wa miaka 17, mtoto wa dada yake, aliyekuja kukaa kwa mjomba ili asome shule ya sekondari.

Kwa kuwa mawimbi ya simu hufika kwa shida katika bonde lile, sajini alinunua chombo cha intaneti ya setilaiti kabla ya kuondoka. Mpango wake ulikuwa wa gigabaiti 50 kwa mwezi. Madhumuni yalikuwa mawili tu: binti apate kusoma masomo yake ya juu akiwa nyumbani, na kila Jumapili jioni baba aweze kusema na watoto wake na kuwaona nyuso.

ASALI ITOKAYO ANGANI

Ni vizuri kwanza kueleza jinsi intaneti ya namna hii inavyofika nyumbani, maana ndipo ilipo sababu ya kuwekewa kipimo.

Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika mwaka 1945 kwamba chombo kikirushwa juu ya ikweta kwa umbali maalumu, kitaizunguka dunia kwa mwendo ule ule ambao dunia inajizungusha yenyewe, na kwa hiyo mtu aliye chini atakiona kama kimesimama mahali pamoja. Umbali huo ni kilomita 35,786. Wazo hilo lilitimia, na mwaka 1965 setilaiti ya Early Bird ilianza kupeleka simu na picha za televisheni kati ya Marekani na Ulaya. Katika Afrika Mashariki, kituo cha Longonot nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1970 kwa kazi ya namna hiyo. Zama zile sahani ya kupokea mawimbi ilikuwa kubwa kama jengo. Leo sahani inayofungwa juu ya bati la nyumba haifiki hata mita moja kwa upana.

Mawimbi huenda kwa kasi ya mwanga, lakini safari ni ndefu. Kutoka nyumbani kupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka katika kituo cha kampuni ni zaidi ya kilomita 71,000, na huchukua karibu robo ya sekunde. Jibu nalo hurudi kwa njia ile ile. Ndiyo sababu wasemao kwa setilaiti hizi huonekana kama wanangojeana kidogo kabla ya kujibizana.

Zipo pia setilaiti za namna nyingine zinazopita chini zaidi, kiasi cha kilomita 550 tu kutoka ardhini, kama zile za Starlink zilizoanza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023. Hizo hujibu upesi zaidi. Lakini nyumba ya sajini ilitumia setilaiti ya juu, ile iliyosimama.

Setilaiti moja ya juu huhudumia maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja, na haiwezekani kuivutia waya wa pili kama inavyofanywa mjini. Kwa hiyo kampuni hugawa kilichopo kwa kipimo. Mwenye kumaliza fungu lake hakatiwi kabisa katika mipango mingi, ila hupunguziwa mwendo hadi intaneti ikatambaa kama kobe. Barua fupi itapita, lakini sauti itakatikakatika, na picha ya mtu haitasimama.

JUMAPILI ISIYO NA BABA

Mwezi wa Mei kifurushi cha nyumba ile kilikwisha tarehe 14. Mwezi wa Juni kilikwisha tarehe 12. Jumapili ya tarehe 16 Juni watoto waliketi mbele ya simu ya mama yao wakiwa wameoga na kuvaa, na baba yao alipopiga walisikia neno moja moja tu, kisha kimya. Alijaribu mara nne. Mara ya tano hakujaribu tena. Mtoto mdogo aliuliza kama baba amekasirika.

Mke wa sajini alikuwa mwanamke mvumilivu, lakini usiku ule uvumilivu ulimwishia. Nyumbani mwake mlikuwa na mtu mmoja tu aliyekesha na simu mkononi, naye ni yule kijana. Alikuwa akipenda mpira. Mara mbili alikwisha kukutwa akitazama magoli chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa. Alipoulizwa alikiri kwamba hutazama, ila alisema si kwa kiasi cha kumaliza kifurushi. Nani angemwamini? Mama akaamua kwamba shule itakapofika katikati ya muhula, kijana atapanda basi la Jumamosi, tarehe 6 Julai, arudi kijijini kwa mama yake. Binti alimsihi mama asubiri, lakini hakuwa na hoja ya kumtetea ndugu yake.

Ili asisumbuliwe tena, mama alimwomba koplo mmoja wa kikosi cha mawasiliano, rafiki wa mume wake, aje kubadilisha neno la siri la mtandao. Koplo alifika Jumatatu tarehe 1 Julai, siku kifurushi kipya kilipoanza. Alisikiliza habari yote, akanywa chai, kisha akauliza, “Shemeji, ushahidi uko wapi?”

“Ushahidi ni magoli aliyokuwa akitazama,” mama akajibu.

“Hayo ni makosa aliyokiri. Nauliza ushahidi wa kosa unalomfukuzia.”

DAFTARI LA KOPLO

Koplo aliomba daftari la shule na kalamu. Ukurasa wa kwanza aliandika hesabu ambayo kila nyumba inaweza kuiandika bila kuwa na elimu kubwa.

Gigabaiti 50 zikigawanywa kwa siku 30, kila siku ina fungu la gigabaiti moja na megabaiti 670 hivi. Lakini mwezi wa Juni zilikwisha kwa siku 12. Yaani nyumba ilikuwa ikila zaidi ya gigabaiti 4 kila siku.

Baada ya hapo akauliza kila mtu anatumia nini. Binti alikuwa na darasa la picha na sauti saa tatu kwa juma. Sinema au darasa la picha za ukubwa wa kawaida hula kama gigabaiti moja kwa saa. Picha zikiwa angavu sana hula kama gigabaiti 3 kwa saa. Kwa hiyo binti, aliyetumia picha za kawaida, alihitaji chini ya nusu gigabaiti kwa siku. Watoto walitazama katuni nusu saa kila jioni, nayo ni nusu gigabaiti nyingine. Simu za baba, ujumbe, habari na magoli ya kijana, vyote kwa pamoja, koplo aliviwekea megabaiti 300. Jumla ikawa gigabaiti moja na megabaiti 200 kwa siku.

“Basi,” alisema koplo, “kila siku zinapotea karibu gigabaiti 3 zisizo na mwenyewe. Kijana akitaka kuzila peke yake kwa picha za kawaida, itambidi atazame mpira saa tatu kila siku ya Mungu. Je, anakwenda shule saa ngapi? Anachota maji saa ngapi?”

Mama hakujibu, lakini aliruhusu uchunguzi ufanyike hadi Ijumaa. Tiketi ya basi alikuwa amekwisha kuilipia.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila siku saa tatu ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi, binti angefungua ukurasa wa kampuni unaoonyesha kiasi kilichotumika, na kuandika tarakimu katika daftari. Saa hizo zilichaguliwa kwa kuwa usiku watu wamelala. Kinachotumika wakati huo hakina mtumiaji. Koplo alionya pia kwamba kipimo cha kampuni huweza kuchelewa, basi ni lazima kisomwe kwa saa ile ile kila siku, la sivyo matumizi ya leo yataonekana kesho.

USIKU TANO

Usiku wa Jumatatu kila kitu kiliachwa kama kawaida. Asubuhi daftari lilionyesha kwamba megabaiti 1,850 zimekwenda watu wakiwa wamelala. Mama alimtazama kijana, na kijana akatazama chini.

Usiku wa Jumanne simu ya kijana ilizimwa mbele ya wote na kufungiwa katika kabati la mama, ufunguo ukawekwa chini ya mto wake. Asubuhi zilikuwa zimekwenda megabaiti 1,790. Kwa lugha ya polisi, mshukiwa alikuwa mahabusu wakati wizi ulipotokea tena. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda basi ni majirani.

Dhana hiyo nayo ilistahili kupimwa. Koplo alifungua ukurasa wa ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, ambao huorodhesha vyombo vyote vilivyoungwa. Watu wa nyumba walikuwa wamehesabu vyombo vinne, lakini orodha ilionyesha sita. Cha tano kilikuwa kile kisanduku kidogo kilichochomekwa nyuma ya televisheni, ambacho hakuna aliyekikumbuka. Cha sita kilikuwa na namba ngeni isiyofanana na chombo chochote, na kwa muda mfupi ilionekana kama mwizi amepatikana. Koplo alieleza kwamba tangu mwaka 2019 na 2020 simu nyingi mpya hujificha kwa kutumia namba ya bandia kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatwe nyayo zake. Namba ngeni peke yake si ushahidi wa mgeni.

Kwa hiyo usiku wa Jumatano neno la siri lilibadilishwa, wala halikuingizwa katika chombo chochote. Sahani na ruta viliachwa vikiwaka peke yake. Kama mwizi angekuwa jirani, angefungiwa nje; na kama kasoro ingekuwa katika sahani au katika kipimo cha kampuni, matumizi yangeendelea. Asubuhi zilikuwa zimekwenda megabaiti 4 tu. Hizo ni salamu ambazo mitambo hupelekeana ili kujua kwamba ingali hai. Sasa ilijulikana kwamba sahani ni nzima na kampuni haikudanganya, na jambo lililobaki lilikuwa kujua kama mlaji yumo ndani ya nyumba.

Usiku wa Alhamisi iliunganishwa kompyuta ya binti peke yake, ikaachwa kama ilivyokuwa ikiachwa siku zote: kioo kimezimika, lakini umeme wa jua ukiendelea kuilisha. Asubuhi zilikuwa zimekwenda megabaiti 710.

Ijumaa jioni koplo aliomba simu ya mama.

“Simu yangu ya nini?” mama akauliza. “Mimi sitazami mpira, wala sitazami sinema. Mimi hupokea simu ya mume wangu tu.”

“Shemeji,” koplo akasema, “askari wa lango husimamisha hata gari la mkubwa wake. Si kwa sababu anamshuku, bali kwa sababu ni lango.”

Mama akaitoa. Kompyuta ilitolewa katika mtandao, simu ya mama ikaunganishwa peke yake, naye akaichomeka kwenye chaji kando ya kitanda kama kawaida yake. Jumamosi alfajiri mfuko wa kijana ulikuwa umekwisha kufungwa mlangoni. Binti alisoma kipimo mara mbili kabla ya kukiandika. Zilikuwa zimekwenda megabaiti 1,120.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Simu ile ilikuwa mpya, zawadi ya sajini. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili, iliuliza maswali mengi, na mama aliyajibu yote kwa kukubali, kama watu wengi wanavyofanya. Swali mojawapo lilikuwa kama angependa picha zake zihifadhiwe nakala mbali, ili simu ikipotea picha zisipotee. Ni jambo jema. Lakini mama alikuwa amehamishia humo picha na filamu zote za simu yake ya zamani: harusi, ubatizo, mazishi ya baba mkwe, na gwaride la siku mume wake alipovalishwa cheo. Zilikuwa zaidi ya gigabaiti 40. Kila usiku, simu ilipokuwa kwenye chaji, ilizipandisha angani moja baada ya moja, kwa subira kubwa, bila ya kutoa sauti. Kadi yoyote ya picha aliyotumiwa na jamaa, hata zile salamu za asubuhi zenye maua, nayo iliingia katika foleni hiyo.

Simu haikuwa na nia mbaya. Imefundishwa kwamba data ya kampuni ya simu ni ghali, bali intaneti ya nyumbani, ile isiyotumia waya, ni ya bure. Katika miji mikubwa mara nyingi ni kweli kwamba intaneti ya nyumbani haina kikomo. Katika bonde la Kotido si kweli, lakini simu haikuwa na njia ya kujua bila kuambiwa.

Kompyuta ya binti ilikuwa na hadithi yake. Ilinunuliwa ikiwa imetumika, na iliendeshwa na programu ya Windows 10, ambayo ilitolewa mwaka 2015. Wakati huo kompyuta za namna hiyo zilipakua masahihisho zenyewe, nayo yaliweza kuwa ya gigabaiti kadhaa. Aidha, kuna kipengele ambacho kikiachwa wazi huiruhusu kompyuta kugawia kompyuta za watu wengine duniani masahihisho iliyokwisha kuyapata. Mwalimu wa Karamoja alikuwa akiwagawia wageni asiowajua mkate wa ndugu zake, bila kujua. Na katika mipango mingi ya setilaiti, kinachotoka huhesabiwa sawa na kinachoingia.

Kompyuta na simu kwa pamoja zilifikia megabaiti 1,830. Koplo alipolinganisha na megabaiti 1,850 na 1,790 za usiku mbili za mwanzo, alitabasamu, kwa kuwa hesabu ilikaribia sana. Lakini hakuridhika na usiku mmoja mmoja, maana kompyuta huweza kulala leo na kuamka kesho; akaagiza zoezi lirudiwe Jumamosi na Jumapili, na majibu yakawa karibu yale yale.

Ilibaki gigabaiti moja hivi ya mchana. Hiyo ililiwa na kile kisanduku cha televisheni. Watoto walipomaliza katuni yao walizima televisheni kwa kitufe, kama walivyofundishwa, na kioo kikawa cheusi. Lakini kisanduku ni chombo kingine, na hakikuzimika. Katuni moja ilipokwisha kiliita nyingine, kikaendelea kwa saa nzima kuuonyesha ukuta mweusi filamu ambazo hakuna aliyezitazama, hadi kilipochoka chenyewe.

Na magoli ya kijana? Simu yake ilikaguliwa pia, kwa kuwa simu nyingi huweka hesabu ya data iliyotumiwa na kila programu. Kwa mwezi mzima wa Juni, magoli na mazungumzo yake yote hayakufika gigabaiti 2.

Basi la Jumamosi liliondoka Kotido bila yeye. Mama hakusema mengi asubuhi ile. Aliufungua mfuko wa kijana kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha nguo zake rafuni. Mchana alichinja kuku, na watu walipokuwa wameketi kula alisema mbele ya watoto wote, “Mwanangu, nilikushitaki kwa kosa la simu yangu mwenyewe. Unisamehe.” Kijana alijibu kwamba hapana neno, mama. Kisha aliomba kitu kimoja, kwamba yeye ndiye awe mwandishi wa daftari la kipimo. Akapewa.

DAWA ZILIZOTUMIKA

Matengenezo hayakugharimu hata shilingi. Katika simu ya mama, kuhifadhi nakala kulizimwa kwanza, kisha kukapangiwa picha chache anazozichagua mwenyewe. Programu ya ujumbe iliamriwa isipakue picha na filamu zenyewe, bali imngoje mwenye simu azibonyeze. Katika kompyuta, kugawia wageni kulifungwa, na mtandao wa nyumbani ukaandikishwa kuwa ni mtandao unaopimwa. Kompyuta ikiambiwa hivyo huacha kupakua vitu vikubwa bila ruhusa. Simu nyingi nazo zina mahali pa kuandikisha hivyo. Kisanduku cha televisheni kiliwekwa kwenye swichi yake, na kazi ya kuizima akapewa mtoto mdogo, ambaye hakuisahau hata siku moja.

Hata hivyo, masahihisho ya kompyuta hayafai kuzuiwa kabisa, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya inayotumiwa na wezi wa mitandao. Baadhi ya mipango ya setilaiti hutoa saa za usiku wa manane ambazo hazihesabiwi katika kifurushi, au huhesabiwa kwa nafuu. Mwenye mpango wa namna hiyo apangie masahihisho saa hizo. Asiye nao achague siku moja mwishoni mwa mwezi, kifurushi kinapokuwa na masalio, ayapakue akiwa macho.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Nyumba inayoona kifurushi chake kinayeyuka ifuate hatua hizi kwa mpangilio. Kwanza, iandike fungu la siku moja na matumizi yanayojulikana, ili kiasi kinachopotea kijulikane. Pili, isome kipimo usiku na asubuhi kwa saa zile zile. Tatu, itenge vyombo vyote kwa usiku mmoja kwa kubadilisha neno la siri. Kipimo kikiendelea kupanda vyombo vyote vikiwa nje, kasoro iko kwa kampuni au katika mitambo, na daftari ndilo litakalokuwa shahidi katika malalamiko. Kipimo kikisimama, virudishwe kimoja kimoja, usiku mmoja kila kimoja, na kila kipatikanacho kiandikwe.

Tofauti ndogo isiitie mtu hofu. Kampuni nyingine huhesabu gigabaiti moja kuwa megabaiti 1,000, na vyombo vingine huihesabu kuwa 1,024. Kwa hiyo hesabu mbili za haki huweza kutofautiana kidogo.

Wenye kamera za ulinzi wawe waangalifu zaidi. Kamera inayopeleka picha mfululizo kwa kasi ndogo ya megabiti moja kwa sekunde hutumia gigabaiti 10 na zaidi kwa siku moja. Kifurushi cha gigabaiti 50 kitakwisha kabla ya juma kwisha, nyumba ikiwa salama lakini haina mawasiliano. Ni afadhali kamera ihifadhi picha katika kadi yake yenyewe, na ipeleke tu pale inapoona mtu anapita.

Kwa familia za askari na polisi liko jambo moja zaidi, nalo si la fedha. Simu inayopandisha kila picha yenyewe haichagui. Picha ya keki ya siku ya kuzaliwa na picha aliyotumiwa mke ikionyesha mahema, magari na lango la kambi, zote huondoka kwa pamoja kwenda kukaa katika mitambo iliyo nchi za mbali. Askari aliyeapa kutunza siri, na mke wake pia, wanapaswa kujua ni nini kinachotoka nyumbani mwao wakiwa wamelala.

Mwezi wa Agosti ulipokwisha, daftari la kijana lilionyesha kwamba gigabaiti 11 zimebaki. Jumapili zote nne za mwezi ule sajini alisema na watoto wake hadi yeye mwenyewe akaaga. Siku ya Jumapili ya kwanza, baada ya kuwasikiliza wote, aliuliza mwizi alikuwa nani. Watoto walicheka. Mke wake akamwambia kwamba mwizi alikuwa akilala kando ya mto wake, na kwamba mpwa wake ndiye aliye mlinzi wa ghala sasa.

Kuhukumu ni rahisi, na mara nyingi huchukua usiku mmoja wa hasira. Kuchunguza huchukua usiku tano na daftari la shule. Katika nyumba ile usiku tano hizo ziliokoa kifurushi, na zaidi ya kifurushi ziliokoa masomo ya mtoto wa mwenzi na heshima ya mama mbele ya wanawe. Kabla ya kumfungia mtu mfuko wake mlangoni, na kisomwe kipimo kwanza.